Taa za barabara za Goma: nani aliwasha, nani alizima

Goma imepoteza taa zake mara nyingi: volkano, vita, delestaji, na wezi wa betri. Kila mara mtu mwingine anakuja kuziwasha upya, kwa njia yake na kwa faida yake. Wandugu wachimbaji wananiuliza: chama cha wafanyakazi wa migodi kinatafuta nini kwenye poto za mjini? Jibu ni kwamba historia ya taa za barabara, tangu mwanzo wake hapa Afrika, ni historia ya migodi.

Mji wa kwanza wa Afrika kusini mwa ikweta kuwasha barabara zake kwa umeme haukuwa mji wa wafalme, wala bandari. Ulikuwa Kimberley, mji wa almasi kule Afrika Kusini, mwaka wa 1882. Wakati ule, sehemu kubwa za London na Paris zilikuwa bado zinatumia taa za gesi, na mtu alipita jioni na mti mrefu kuziwasha moja kwa moja. Kimberley ilipata taa mapema juu ya almasi. Shimo ndilo lililolipa.

Kwetu Kongo mambo yalienda vile vile. Kule Katanga, Union Minière ilijenga kituo cha umeme cha Mwadingusha mwaka wa 1930. Kilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na taa za Élisabethville na Jadotville zilikuja nyuma ya mashine. Kisha ikaja laini ya Inga–Shaba, iliyomalizika miaka ya 1980 mwanzoni. Ina urefu wa kilometa karibu 1.700, kutoka maporomoko ya Inga mpaka Kolwezi. Umeme wake ni wa aina ambayo hauwezi kuchotwa njiani bila kituo kikubwa cha kuugeuza. Basi nyaya zikapita juu ya vijiji, zikaenda kulisha migodi, na wanakijiji wakabaki na taa za petroli chini yake. Mpaka leo kuna watoto waliozaliwa chini ya zile poto na wamezeeka hawajawasha ampuli hata moja.

Goma yenyewe haikuwa mji wa mgodi. Ilikuwa kituo cha Wabelgiji cha mpakani, kikitazamana na Gisenyi. Kama miji mingine ya koloni, iligawanywa: Wazungu karibu na ziwa, watu wetu kwenye cité, pale tunapoita Birere. Taa zilifuata mgawanyo huo. Wazee wa mji wanajua kwamba mtu aliweza kujua yuko kartie gani usiku bila kuuliza jina la avenue, alitazama tu kama kuna moto.

Umeme mwingi wa Kivu ulitoka mbali, kwenye mto Ruzizi. Ruzizi ya kwanza ilianza mwaka wa 1958, ya pili mwaka wa 1989, na hii ya pili ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo Goma iko kwenye mwisho wa mkia: maji ya Ruzizi yakipungua, ao mashine ikiharibika, ao laini ikianguka, sisi njo wa kwanza kuzimiwa. SNEL ikaleta delestaji, na kati ya wote waliozimiwa, taa ya barabara ilizimwa mbele ya wengine. Hospitali inapiga kelele, kiwanda kinapiga kelele, hoteli inapiga kelele. Poto ya barabara haina mdomo.

Halafu mlima. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka, na lave ikashuka ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikachoma kanisa kuu na maelfu ya nyumba. Poto na nyaya zilizokuwa njiani ziliungua ao zikazikwa. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe yale yale. Ndiyo maana mtu akitafuta taa za zamani za katikati ya Goma, zile za wakati wa koloni na wa Mobutu, hazioni. Miji mingine inatunza taa za zamani kwenye makumbusho. Sisi za kwetu ziko chini ya miguu yetu.

Baada ya hapo watu binafsi waliingia. Mwezi wa kumi na mbili 2015, kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilifunguliwa na Hifadhi ya Virunga kikiwa na nguvu ya megawati karibu 13. Mwezi wa pili 2020, kampuni ya Nuru ilizindua kituo cha jua cha megawati 1,3 huko Ndosho. Kampuni hizi ziliweka pia taa za barabara, na lazima tuseme ukweli: wamama wanaouza mboga na makala wakaongeza saa za kuuza, na motari wakaona mashimo kabla ya kuanguka ndani.

Lakini hata hizo hazikupona. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipasuka tena, lave ikakata barabara ya Goma–Rutshuru, na sehemu kubwa ya mji ikabaki bila moto. Mwezi wa kwanza 2025, siku za mapigano ya kuingia mjini, umeme ulikatika na pampu za maji zikasimama. Watu wakabeba bidoni kwenda ziwani. Siku zile tulielewa kwamba taa na maji ni mambo ya uzi mmoja.

Sasa tuangalie ndani ya taa yenyewe, kwa kuwa hapo njo penye sisi. Ampuli ya zamani ilikuwa na uzi mwembamba unaowaka mwekundu mpaka mweupe. Uzi ule ni wolfram, ile wolframite inayochimbwa hapa Kivu na Maniema. Taa za leo, zile za LED, zinaunganishwa kwa soda, na soda inatengenezwa kwa bati, yaani kasiterite yetu. Vifaa vya umeme vya ulimwengu mzima vina tantale, na tantale inatoka kwenye koltani. Nyaya ni shaba ya Katanga. Betri nyingi zina kobalti ya Kolwezi. Mchimbaji wa Rubaya anashuka ndani ya shimo na tochi ya kichwa iliyotengenezwa ng'ambo kwa mawe ya ndugu zake, anailipa kwa dola, na akitoka nje usiku hakuna poto hata moja inayomwonyesha njia ya nyumba.

Huko Ulaya kuna jambo la kushangaza kidogo. Wameondoa taa za gesi, halafu wamezikumbuka. Prague ilizima za mwisho mwaka wa 1985, na mwaka wa 2002 ikaanza kuzirudisha kwenye mitaa ya zamani, juu watalii wanazipenda. Berlin bado ina maelfu, na wakazi wanagombana na serikali ya mji isiziondoe. Mahali pengine wanaweka taa za kuiga: nje umbo la zamani, kioo na chuma cheusi, ndani LED. Mimi sicheki. Mji unaoweza kugombana juu ya umbo la taa ni mji ambao una fundi wa kupita kila wiki kuangalia kama inawaka. Fundi huyo njo tunayemkosa. Hapa tunapenda sherehe ya kukata utepe. Miezi sita nyuma yake betri imeibwa, kioo kimejaa vumbi la lave, na hakuna anayejua nani wa kuitwa.

Giza lina bei, na sisi wachimbaji tunailipa. Mawe yanapimwa jioni, mizani inasomwa kwa tochi ya mnunuzi. Nani anaona mshale vizuri? Mwenye tochi. Mtu aliyelipwa usiku anatembea na pesa zake gizani. Bibi yake anatoka sokoni saa moja, anapita avenue bila taa, na kila familia inajua hofu hiyo. Taa moja karibu na mizani ingeokoa kilo nyingi kuliko mikutano yetu kumi.

Pesa ziko? Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwezi wa tatu 2018 inasema redevance inayolipwa na mwenye cheti cha kuchimba inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chefferie, secteur ao commune mahali mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 haikuwekwa kwa kununua jeep. Wale wanaopokea kodi ya mawe, wawe nani leo ao kesho, wana deni la kuonyesha barabara, maji na taa.

Chama kinaomba mambo matatu, na kila kooperative inaweza kuyapeleka mbele bila kungoja Kinshasa. Kwanza, taa ya jua kwenye kila mahali pa kupimia mawe, na mizani isisomwe pasipo taa hiyo. Pili, kila taa inayowekwa iwe na mtu wa kuitunza, anayejulikana kwa chef d'avenue na nyumba kumi, na pesa kidogo ya betri kila mwezi kwenye sanduku la kooperative. Tatu, hesabu ya redevance isomwe mbele ya watu, kwa sauti, kwa Kiswahili.

Mkutano ujao wa kooperative, wandugu, ingizeni jambo hili kwenye karatasi ya mazungumzo kabla ya bei ya kilo. Na wamama waalikwe. Wao njo wanaojua avenue gani haina moto.