Nasaba si Hadithi ya Kupitisha Wakati

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hukaririwa katika madarasa yetu mwaka nenda mwaka rudi, ikaandikiwa insha na kutahiniwa. Hata hivyo, mwulize mwanafunzi wa Riruta Satellite, Kawangware au Kibera akutajie jina la baba ya babu yake, na aghalabu atabaki kimya. Hatuna haja ya kumlaumu. Amezaliwa katika chumba cha kupanga, amekua kwa Kiswahili na Sheng, na pengine huwaona wazee wa ukoo wakati wa mazishi tu. Wa kumzindua ni mwalimu.

Wapo watakaouliza: habari za marehemu zitamfaa nini mtoto ambaye baba yake anahangaikia kodi ya nyumba? Jibu lipo karibu sana, nalo ni Wanubi wa Kibera. Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert, na baadaye wakatumikia jeshi la KAR. Walipewa makao katika msitu ambao kwa lugha yao, Kinubi, waliuita Kibra, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi eneo hilo la ekari 4,197. Lakini askari hao hawakukabidhiwa hati yoyote ya kumiliki ardhi.

Ukosefu huo wa hati uliwaandama wajukuu na vitukuu. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyetaka kitambulisho alifikishwa mbele ya jopo la kumsaili, akatakiwa athibitishe babu yake alikuwa nani na aliishi wapi. Mnamo Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Linganisha tarakimu hizo mbili, ewe msomaji, kisha useme kama habari za mababu ni za kupitisha wakati tu.

Ipo hoja nyingine nzito zaidi. Husemwa kwamba kuchimbua nasaba ni kuchochea ukabila, nasi tuliona damu ikimwagika Kibera baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Kawangware mnamo Oktoba 2017. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kinachowasha moto ni nusu ya hadithi, ile isemayo kwamba sisi tulitangulia na ninyi ni wageni. Anayeifuatilia nasaba hadi mwisho hukutana na mchanganyiko. Wanubi wenyewe walitoka katika makabila mengi, wakaunganishwa na jeshi, dini na lugha yenye asili ya Kiarabu. Wamaasai walipofilisika kwa sotoka na ndui katika miaka ya 1890, wengi walikimbilia kwa Wakikuyu wa upande huu wa Dagoretti na wengine wakaoa au kuolewa humo. Ni nani basi atakayejidai kuwa na damu isiyochanganyika?

Maadamu kazi hii ina faida, ifanywe kwa utaratibu. Jambo la kwanza ni lugha. Mwanafunzi ayaandike maneno ya mzee kama alivyoyatamka, kwa lugha aliyoitumia, kabla ya kuyatafsiri. Vijana wetu siku hizi humwita kila ndugu wa wazazi "anko", iwe ni amu au mjomba. Neno hilo moja linaufuta mpaka kati ya ukoo wa baba na ukoo wa mama, na nasaba iliyoandikwa kwalo haiwezi kusomeka.

La pili ni majina. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo Kamau wa Njoroge huweza kumzaa Njoroge wa Kamau, naye akamzaa Kamau wa Njoroge. Utaratibu huu ni hazina, lakini pia ni mtego, kwa sababu mtafiti asiye makini atawafanya watu wawili kuwa mmoja. Kwa Wajaluo, Otieno hutueleza kwamba mtoto alizaliwa usiku, na Okoth kwamba mvua ilikuwa ikinyesha.

La tatu ni tarehe. Usimwulize bibi alizaliwa mwaka gani. Mwulize ni njaa gani ilikuwapo, au ni rika gani lilitahiriwa. Wakikuyu wana rika la "Forty", la mwaka 1940, na jina Kariakoo linatukumbusha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza.

La nne ni kulinganisha. Alex Haley wa Marekani aliusisimua ulimwengu mwaka 1976 kwa kitabu chake Roots, kilichofuatilia ukoo wake hadi kijiji cha Juffure nchini Gambia. Baadaye wanahistoria waliyatilia shaka masimulizi aliyoyategemea huko. Msimulizi mmoja hatoshi. Wanazuoni wetu walilijua hilo: Bethwell Ogot na Gideon Were katika vitabu vyao vya 1967 kuhusu Wajaluo na Waluhya, na Godfrey Muriuki katika kitabu chake cha 1974 kuhusu Wakikuyu, waliwasikiliza wazee wengi, wakapima kauli hii kwa ile. Mwanafunzi naye aulize watu wawili au watatu, kisha atafute kipande cha babu, cheti cha ubatizo au barua ya mwajiri. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, katika Barabara ya Moi, haiko mbali na Riruta.

Walimu nao watumie busara. Yupo mtoto asiyemjua baba yake, na yupo ambaye babu zake wawili walikuwa pande mbili zilizopigana wakati wa Hali ya Hatari. Mtoto aruhusiwe kuanzia kwa mama, au kwa bibi aliyemlea, na asilazimishwe kusoma mbele ya darasa habari ambazo nyumbani hunong'onwa.

Likizo i karibu, na wazee wetu hawangoji muhula ujao. Kila mwanafunzi na apewe daftari moja na maswali kumi. Siku atakapotakiwa kueleza yeye ni nani, iwe ni mbele ya afisa au mbele ya jirani aliyekasirika, asikose la kusema, na analolisema liwe kweli.