Kitanda cha elfu kumi na tano

Ukiingia gesti yoyote ya bei ya chini jijini Dar es Salaam, mezani pa mapokezi utakuta daftari kubwa la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula. Jina. Kabila. Kazi. Unakotoka. Unakokwenda. Namba ya chumba. Sahihi. Mgeni huandika akiwa amesimama, begi kalibana katikati ya miguu, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke. Ninaposubiri zamu yangu huwa nasoma mistari ya wenzangu walionitangulia. Mkulima, Tunduru. Mfanyabiashara, Tunduma. Mwanafunzi, Kasulu. Dereva, Lubumbashi. Na pale kwenye unakokwenda, majina mawili hujirudia ukurasa hadi ukurasa: Kariakoo, sokoni, na Muhimbili, hospitalini.

Magazetini gesti hizi huandikwa polisi wanapofanya msako, au mtu anapokutwa amekufa chumbani. Siku nyingine zote hakuna anayeziangalia. Lakini soko la Kariakoo linalouza hadi Zambia, Malawi, Komoro na Kongo lisingeendeshwa bila kitanda cha elfu kumi na tano. Mwenye duka la nguo Songea hawezi kulala hoteli ya laki na nusu kisha akabaki na mtaji. Kwa hiyo mimi naihesabu gesti ya namna hii pamoja na stendi, soko na zahanati. Ni sehemu ya jiji kufanya kazi. Ikioza, limeoza jambo la umma.

Nimelala katika nyumba hizi kwa miaka mingi, Kariakoo, Manzese, Buguruni na Magomeni, na vyumba vyake vinafanana. Kitanda cha futi tano kwa sita kimejaza chumba, imebaki njia ya kupita kwa ubavu. Godoro limebonyea katikati. Shuka lina jina la gesti kwa wino usiotoka, na kandambili moja imekatwa pembe, vyote kwa kuhofia wizi. Juu ya mto kuna taulo na kipande cha sabuni. Dirisha lina nondo, na wavu wa mbu umetoboka. Chandarua kipo, nacho kina matundu yake. Choo kiko mwisho wa korido, pamoja na pipa la maji na kopo. Mara nyingi chumba chenyewe kilikuwa nusu ya chumba kingine, kikagawanywa kwa mbao za plaiwudi, kwa hiyo unamjua jirani yako kwa kikohozi chake kabla hujamwona uso.

Halafu kuna Luku, umeme wa kulipia kabla. Usiku wa manane, Februari, jiji limelowa jasho, pangaboi linapunguza mwendo na kusimama. Uniti zimeisha. Milango ya korido inafunguliwa mmoja mmoja, watu wanatoka na tochi za simu, na binti wa mapokezi anaamshwa. Anampigia bosi atume tokeni, bosi hapokei. Nimeona wageni wakichangishana elfu mbili mbili kununua umeme wa nyumba ambayo wamekwisha kuilipia, na mmoja akisoma tarakimu 20 kwa sauti huku binti akizibonyeza kwenye mita.

Huyo binti ndiye gesti yenyewe. Anapokea wageni, anafua mashuka kwa mkono, anadeki vyoo, anachota maji bomba likikauka, na usiku analala chumba kidogo nyuma ya mapokezi akisubiri kugongewa. Wengi niliozungumza nao waliletwa mjini na ndugu au na dada wa mwenye nyumba, na mshahara wao hulipwa nusu nusu, tena ukikumbukwa. Kila uchafu wa gesti hulaumiwa yeye, na anayepokea fedha haonekani. Unapolalamika kuhusu shuka, tafadhali jua unamlalamikia nani.

Na kunguni. Lazima niwazungumzie kwa kirefu, maana hakuna kinachomwonea msafiri maskini kuliko wao, na hakuna kinachozungumzwa kwa aibu kubwa zaidi. Kunguni mzima ana urefu wa milimita tano hivi, mwili bapa kiasi cha kuingia kwenye ufa wa ubao, kwenye mshono wa godoro, kwenye tundu la msumari. Mchana hujificha, saa za usiku mwingi, mtu akiwa kwenye usingizi mzito, hutoka kunyonya. Anaweza kukaa miezi bila kula, ndiyo maana kukifunga chumba wiki mbili hakumalizi chochote. Hajathibitika kuambukiza binadamu ugonjwa. Lakini anaiba usingizi, na mtu aliyeamka akijikuna mwili mzima ndiye huyo anayetakiwa asubuhi ahesabu mamilioni ya mzigo bila kukosea, au asikilize daktari akieleza matibabu ya mwanawe.

Dawa ya kupuliza inayouzwa mitaani mara nyingi haisaidii, na sababu inajulikana. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo kutoka vijiji vya Tanzania yakionyesha kunguni waliojenga usugu dhidi ya pairethroidi, kundi la dawa linalotumika kwenye vyandarua na katika dawa nyingi za kupuliza. Mwenye gesti anayepulizia kopo moja kila wikiendi hupoteza fedha na kumpa mgeni harufu tu. Kinachowaua kwa uhakika ni joto: mashuka na foronya katika maji ya moto sana, mvuke kwenye mishono. Kinachowanyima maficho ni vitanda vya chuma badala ya mbao zenye nyufa, na godoro lililovikwa kifuniko chenye zipu. Ni kazi ya kurudiarudia. Lakini haihitaji utajiri.

Gesti hizi hazikuzaliwa na umaskini peke yake. Zilizalishwa pia na barabara. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku, na zuio hilo liliondolewa mwaka 2023. Kwa karibu miaka 30 basi la Bukoba au la Kigoma lilikuwa lazima lilale njiani, na abiria wake wakalala ndani ya basi au katika vyumba vya karibu na stendi. Dar es Salaam nayo, mabasi yakiondoka stendi ya Ubungo saa kumi na mbili asubuhi, mtu aliyekaa Mbagala au Gongo la Mboto aliona heri alale Manzese au Shekilango kuliko kuachwa na kukosa nauli yake. Mtaa mzima uliishi kwa hofu hiyo ya kuachwa na basi. Mwaka 2021 stendi ikahamia Mbezi, mabasi ya usiku yakarudi, na treni ya SGR ikaanza kubeba abiria mwaka 2024. Msafiri wa njiani akapungua.

Pengo lake lilizibwa na mteja wa saa. Gesti nyingi zina bei mbili, ya kupumzika na ya kulala, na ya kupumzika ndiyo yenye faida kwa sababu chumba kimoja kinauzwa mara tatu kabla ya saa nne usiku. Sina hukumu kwa watu wazima wanaotafuta faragha katika jiji ambamo familia ya watu sita hukaa chumba na sebule. Ninachokiona ni mama aliyetoka Masasi na mgonjwa, ameketi kwenye benchi saa mbili usiku, akiambiwa asubiri vyumba vikitoka. Ninaona mwanamke aliyefika peke yake akiulizwa mara mbili amekuja na nani. Na ukutani kuna tangazo kwamba wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja, kwa hiyo baba aliyemleta kijana wake mtu mzima hospitali analipia vyumba viwili, wakati kijana mwenyewe anahitaji kugeuzwa usiku.

Wagonjwa na wauguzaji ndio wanaonifanya niandike makala haya. Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata tiba ya mionzi, hadi hospitali ya Bugando ya Mwanza ilipoanza. Mionzi haitolewi kwa siku moja. Dozi hugawanywa vipande vidogo, kwa kawaida siku tano za wiki, kwa wiki tano au zaidi, ili seli za saratani zife na zile nzima zipate muda wa kupona. Wodi haziwezi kumlaza kila anayetibiwa. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowasumbua wanawake wengi zaidi nchini, anaweza kutibiwa kama mgonjwa wa nje, aende na kurudi. Arudi wapi, kama kwao ni Nachingwea?

Asiye na ndugu mjini hurudi gesti. Nilikaa na mzee mmoja kwenye korido ya nyumba kama hiyo, mkewe akiwa amelala ndani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umelala salama?”

Nikamwambia salama, nikamuuliza hali ya mama. Alisema matibabu yanakwenda vizuri, tatizo ni choo. Mionzi ya nyonga husumbua matumbo na kibofu, na mkewe alikuwa akitoka mara nyingi usiku, korido haina taa, sakafu ina maji, na choo kimoja ni cha vyumba vyote. Kila safari alimshika mkono na tochi mdomoni. Hesabu yake alikuwa nayo kichwani: elfu kumi na tano kwa usiku, usiku 40, ni laki sita, kabla ya chakula na nauli. Ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha uzwa. Wanawake wengine, alisema, hukata mionzi katikati na kurudi nyumbani kwa sababu ya pango la kulala. Tiba ya saratani iliyokatwa katikati si nusu ya tiba. Huweza kuwa kazi bure kabisa. Basi pale mjini kitanda ni sehemu ya dawa.

Hatari kubwa kuliko zote katika nyumba hizi haionekani hadi siku yake. Angalia nondo za madirisha, angalia plaiwudi, angalia waya zilizounganishwa kwa plasta, angalia mlango mmoja wa kutokea ambao usiku hufungwa kwa kufuli na ufunguo kukaa chini ya mto wa mtu mmoja. Agosti 31, 2023, jengo la Usindiso katikati ya Johannesburg liliwaka moto usiku. Lilikuwa mali ya jiji lenyewe, limetelekezwa, limegawanywa ndani vipande vipande kwa mbao na mapazia, na limejaa watu waliokosa mahali pengine. Zaidi ya watu 70 walikufa, Watanzania wakiwamo. Wengine waliruka kutoka madirishani. Njia za kutokea zilikuwa zimefungwa au kuzibwa. Nilipoisoma habari ile niliviona vyumba nilivyolala mimi, kimoja kimoja.

Sisemi zifungwe. Mamlaka ikizifunga, yule mzee hatalala hoteli. Atalala kwenye veranda ya hospitali. Ninasema zikaguliwe na watu wanaoangalia kitu halisi. Halmashauri hukusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake tangu mwaka 2007, na maofisa afya wapo. Ukaguzi ninaoujua mimi huishia kwenye leseni iliyotundikwa ukutani. Hakuna niliyemwona akiinua godoro. Hakuna niliyemwona akimuuliza binti ufunguo wa mlango wa nyuma uko wapi, na kama yeye asipokuwepo nani mwingine anao.

Wapo watakaojibu kwamba kwa bei hiyo hakuna bora zaidi. Si kweli. George Williams na wenzake walipoanzisha YMCA mjini London mwaka 1844 walikuwa wakiwafikiria vijana wa madukani waliokuwa wakiishi na kulala katika mazingira magumu, na chama hicho baadaye kilijenga mabweni ya bei nafuu duniani kote. Hapa Dar es Salaam majengo ya YMCA na YWCA yamepokea wasafiri wa kawaida kwa vizazi, kwa vyumba visivyo na anasa yoyote.

Na mfano wa karibu zaidi ninao. Kuna gesti Magomeni, vyumba kumi na viwili, bei ileile ya mtaa, na mwenyewe ni muuguzi mstaafu. Hapokei wateja wa saa. Vitanda ni vya chuma, mashuka huchemshwa kwenye sufuria kubwa la kupikia sherehe, uani, kwa mkaa. Luku ananunua ya wiki nzima kila Jumatatu. Msichana wa kazi ana mwenzake, wanapokezana zamu. Ufunguo wa mlango wa nyuma umetundikwa ndani ya kijisanduku cha kioo kwenye korido, na kila mgeni huonyeshwa kabla ya kusaini daftari. Ndugu wa jinsia moja wanaruhusiwa kulala pamoja wakionyesha kadi ya hospitali, na wauguzaji wanaokaa zaidi ya wiki mbili hupunguziwa. Nilimuuliza kama anapata faida. Alinijibu kwamba vyumba vyake havilali vitupu, kwa sababu madereva wa bajaji wa hospitali humletea watu bila kudai kitu.

Kinachomsumbua sasa ni nondo. Madirisha yote yamechomelewa tangu nyumba ilipojengwa, kwa hofu ya wezi, na yeye anataka zile za vyumba vya nyuma zibadilishwe ziwe za kufunguka kwa ndani kwa komeo. Fundi amekwisha pima na kumpa bei. Ataanza na chumba namba 9, anachokaa mgonjwa wa Ocean Road asiyeweza kukimbia.