Shabiki na Nyota wa Mitandaoni: Wajibu wa Kuheshimiana Wanapokutana Ana kwa Ana

Kijana aliyeketi nyumbani kwao Songea au Kisumu anaweza kumtazama mtu wa California kila siku kwa miaka mingi, akafahamu jina la paka wake, chakula akipendacho na siku aliyolia mbele ya kamera, ilhali mtu yule hajui hata kama kijana huyo yupo duniani. Siku wawili hao wakikutana, mmoja anaonana na rafiki wa siku nyingi, mwingine anaonana na mgeni. Tofauti hiyo ndiyo chimbuko la furaha kubwa, na pia la madhara, katika mikutano ya mashabiki inayozidi kuenea ulimwenguni. Tunapenda kuitafakari pamoja nanyi, kwa kuwa inagusa utu wa pande zote mbili.

Mikutano ya namna hii ina historia ndefu. Ule wa San Diego, Comic-Con, ulianza mwaka 1970 kwa ajili ya wapenzi wa vitabu vya katuni. Mwaka 2010, ndugu wawili, John na Hank Green, walianzisha VidCon huko Los Angeles, mahususi kwa watengenezaji wa video za intaneti na watazamaji wao. Humo mashabiki husimama foleni kwa saa nyingi ili wapate picha, sahihi na maneno machache kutoka kwa mtu wanayemfuatilia.

Hisia ya kumjua mtu asiyetujua ilichunguzwa zamani. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, walieleza jinsi watazamaji wa televisheni walivyojenga ukaribu wa upande mmoja na watangazaji wao. Intaneti imeukoleza ukaribu huo. Mtangazaji wa zamani alizungumza kutoka studio. Nyota wa leo huzungumza kutoka chumbani mwake, hujibu ujumbe, huwataja wafuasi kwa majina na kuwaita familia yake. Hivyo shabiki hakosei kuhisi upendo. Hukosea pale anapoudhani upendo huo kuwa haki ya kumgusa mtu, kumfuata hadi hotelini alikofikia au kumdai muda wake.

Madhara yake yamewahi kufika mbali. Tarehe 10 Juni 2016, mjini Orlando, mwimbaji Christina Grimmie, binti wa miaka 22 aliyejulikana kwanza kupitia YouTube, alikuwa akiwasalimu mashabiki baada ya tamasha. Mwanamume mmoja alimkaribia, naye akafungua mikono amkumbatie. Mtu yule alimpiga risasi, na binti huyo akafariki dunia. Wiki chache baadaye VidCon ilifanyika ulinzi ukiwa umeongezwa. Mashabiki walio wengi hawana nia mbaya hata kidogo. Lakini tukio hilo linatufundisha kwamba uzio, mlinzi na foleni si dharau kwa mashabiki. Vinamlinda aliye mbele, na vinawalinda pia waliosimama nyuma.

Heshima hiyo wanadaiana hata mashabiki wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2014 waandaaji wa New York Comic Con waliweka mabango ya kuwakumbusha wahudhuriaji kwamba mtu kuvaa mavazi ya mhusika wa hadithi si kibali cha kuguswa, na kwamba anayetaka picha aombe kwanza. Ni kanuni nyepesi, na inafaa hata katika sherehe zetu.

Maandiko Matakatifu nayo yanatupatia mwanga. Mwinjili Marko, katika sura ya tatu, anasimulia jinsi Yesu alivyowaagiza wanafunzi wake kumwekea mashua tayari ili umati usimsonge. Aliwapenda watu wale na kuwaponya, lakini aliweka nafasi kati yake na msongamano wao. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 14, kinaonesha upande wa pili: watu wa Listra walitaka kuwatolea Paulo na Barnaba sadaka kana kwamba ni miungu, na muda si mrefu Paulo akapigwa mawe katika mji uo huo. Mitume waliikataa sifa isiyo yao mapema, wakikiri kuwa wao ni wanadamu tu. Anayemfanya mwenzake kuwa mungu huwa mwepesi wa kumgeuka siku atakapogundua udhaifu wake.

Kwa hiyo shabiki aombe kabla ya kupiga picha au kukumbatia, alipokee jibu la "hapana" bila kinyongo, asiulize mambo ya ndoa, ugonjwa au watoto ambayo mwenyeji hakuyatoa hadharani, na akumbuke wanaosubiri nyuma yake. Nyota naye ana deni. Umaarufu wake umejengwa na muda wa watu hawa, na wengi wao ni watoto. Asiwadanganye kwamba ni marafiki wa moyoni ili tu wanunue bidhaa zake, asiwadhihaki mtandaoni baada ya kuwakumbatia ukumbini, na asitumie mapenzi yao kuwavuta vijana kwenye mazungumzo ya faragha.

Neno hili linatuhusu pia sisi Wakatoliki. Mwezi Julai 2025, katika Mwaka wa Jubilei, wamisionari wa kidijitali na washawishi Wakatoliki walikusanyika Roma na kukutana na Baba Mtakatifu Leo XIV. Leo mapadre, watawa na waimbaji wa kwaya wana wafuasi wengi mitandaoni, na wanapotembelea parokia hukutana na shauku ileile. Viongozi wa parokia waandae utaratibu mapema: mahali pa wazi pa kusalimiana, muda unaojulikana, na watu wazima wanaowasimamia watoto. Wazazi nao wawaulize watoto wao ni nani wanayemfuatilia na kwa nini, wakiwasikiliza kabla ya kuwakemea.

Tuwaombee vijana wetu, ili wanapomwona yule wanayempenda kwenye kioo cha simu amesimama mbele yao, wamtambue kuwa jirani, mwenye uchovu, hofu na hadhi sawa na yao.