Gari la baba, fundi wa mashua, na shilingi 24,000 zilizopotea

Ukifika ufuo wa Dunga asubuhi, utasikia nyundo kabla hujaliona ziwa vizuri. Ni mafundi wa mashua. Lakini miezi michache iliyopita, katikati ya mashua mbili zilizopinduliwa, palikuwa na kitu kigeni: fremu ya mbao ya nyuma ya gari, imelazwa chini, ikisubiri kunakiliwa kipande kwa kipande.

Gari lenyewe ni Morris Minor Traveller. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu wa hapa Kisumu, mteja wetu, na ametuomba tusitaje jina. Tulimfahamu siku alipopigia huduma kwa wateja akiwa na uchungu: alikuwa ametuma shilingi 24,000 kwa mtu asiyemjua, na spea hazikuja. Ameturuhusu kusimulia kisa chake kwa sababu, iwe unatengeneza gari, nyumba au mashua, swali ni lilelile: unamlipa nani, lini, na kwa kazi gani?

Mifupa ya mbao

Morris Minor ilizinduliwa Uingereza mwaka 1948. Traveller ikafuata 1953, mwaka uleule mbio za Safari zilipoanza Afrika Mashariki, na ikaundwa hadi 1971. Ukiitazama utadhani zile mbao za nyuma ni pambo. Sivyo. Nyuma ya milango ya mbele, mbao ndizo zinazobeba paa, madirisha, na milango miwili ya nyuma inayofunguka kama ya kabati. Zikioza, gari limevunjika mgongo, hata kama injini bado inanguruma.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari hili. Lilikuwa la marehemu babake Mwalimu, aliyelitumia kubeba watoto, vitabu na magunia ya mahindi. Baadaye likasimama chini ya mwembe zaidi ya miaka 20. Maji ya mvua yakawa yanakaa kwenye mifereji ya madirisha ya kusukuma na kupenya kwenye viungo vya mbao. Chini, kutu ikala sakafu. Ndugu zake wakasema liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Yeye akawaambia, "Nipeni mwaka mmoja." Pesa aliyokuwa nayo ni sehemu ya kiinua mgongo chake, na hakuwa na nyingine.

Kutu haitaji bei mapema

Fundi wa kwanza aliomba shilingi 150,000, zote mwanzoni, "kila kitu ndani". Mwalimu alikaribia kukubali.

Shida ni hii: gari lenye kutu halijulikani gharama mpaka lifunguliwe. Alama ya saizi ya sarafu kwa nje inaweza kuwa saizi ya sahani kwa ndani. Fundi aliyelipwa yote mapema, kazi ikizidi alivyokadiria, atafunika kutu kwa fila na kupaka rangi juu, au atakupigia kila wiki, "Mwalimu, ongeza kidogo." Si lazima awe mwizi. Alitaja bei ya kitu ambacho hakuwa amekiona.

Fundi wa pili, wa jua kali karibu na Kibuye, alisema tofauti: "Mwalimu, nikikuambia bei leo nitakuwa nakudanganya. Nilipe ya kuifungua kwanza. Tukishaona, tutaongea."

Wakaandika hatua nne kwenye karatasi ya daftari:

1. Kufungua na kukagua. Kila palipooza panapigwa picha.
2. Chuma. Paa linawekewa nguzo lisilale, chuma kilichooza kinakatwa, kipya kinachomelewa. Mwalimu anagonga kwa spana kabla rangi haijapakwa.
3. Mbao. Fremu mpya inafungwa chuma kikishakuwa imara, si kabla.
4. Rangi na vanishi.

Kila hatua ilikuwa na bei yake. Pesa ya vifaa ilienda moja kwa moja kwenye tili ya duka la hadwea, na ya ufundi ilitumwa baada ya kazi kuonekana. Hivyo kila malipo yakawa na ujumbe wake kwenye simu, wenye tarehe, kiasi na jina.

Hatua ya mbao ndiyo iliyompeleka Dunga. Mbao za kiwandani zilikuwa za eshi, mti usiopatikana kwa urahisi hapa. Fundi wa chuma ndiye aliyeshauri: "Fundi wa viti anajenga vitu vya kukaa ndani ya nyumba. Peleka kwa watu wa mashua, hao wanajua maji." Fundi wa Dunga akachagua mvule, na pale chini palipokuwa pakioza akatoboa matundu madogo. "Japuonj," akamwambia, "maji yataingia tu. Yape njia ya kutoka."

Zile shilingi 24,000

Mpira wa madirisha haukupatikana Kisumu. Mwalimu akaona tangazo mtandaoni, picha safi, muuzaji anasema yuko Mombasa. Akaambiwa atume haraka kwani kuna mteja mwingine. Kabla ya kutuma, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la muuzaji. Akauliza, akajibiwa, "Hiyo ni ya mhasibu wangu." Akatuma.

Jioni nambari ilikuwa imezimwa. Alitupigia kesho yake, na pesa ilikuwa imeshatolewa. Tulimpa rekodi ya muamala akaripoti polisi, lakini mpaka leo hazijarudi. Tunamwambia kila mteja ukweli huu: pesa ikishatolewa, ni vigumu sana kuirudisha. Dakika za kwanza ndizo zenye nafasi.

Jifunze bila kupoteza

- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Lisipolingana na la muuzaji, simama. Maelezo matamu hayabadilishi jina.
- Lipa vifaa dukani, ufundi kwa fundi. Usichanganye.
- Gawa kazi kwa hatua, na uone kwa macho kabla ya kulipa. Ukiwa mbali, mtume ndugu.
- Usifute ujumbe wa malipo hadi kazi iishe.
- Wewe fundi, usitegemee ujumbe tu. Angalia salio lako kabla ya kuachilia mali.
- Ukikosea nambari au ukishuku utapeli, tupigie papo hapo. Na usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akidai anatoka kwetu.

Mwaka aliopewa Mwalimu umekwisha. Gari halijakamilika, rangi bado. Lakini fremu ya mvule imefungwa, na milango ya nyuma inafungika kwa kusukuma kidole. Ndugu zake walipokuja kuliona, hakuna aliyetaja vyuma chakavu. Mdogo wake alizunguka gari mara mbili bila kusema neno, kisha akauliza, "Duka la rangi lina tili?"

Alilipia makopo mawili palepale. Kabla ya kuthibitisha, Mwalimu alimshika mkono: "Soma jina kwanza."