Kadi ya Chama si Barua ya Kazi

"Nimeshakata kadi. Sasa nimwone nani?" Swali hili naulizwa Mbagala Rangi Tatu, naulizwa Tegeta, naulizwa Chanika msibani kabla hata maiti haijatolewa ndani. Anayeuliza ana shahada ya uhasibu au stashahada ya maendeleo ya jamii, amekaa nyumbani tangu ahitimu, na mzazi wake amemnong'oneza kwamba mimi niliwahi kushika mafaili ya utumishi. Hataki kujua tangazo linasemaje. Anataka jina la mtu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi leo nawajibu wote kwa mkupuo.

Humwoni mtu. Vijiwe vyetu vimechanganya mambo matatu yasiyofanana, yaani uteuzi, ajira na uchaguzi, kisha vikatoa dawa moja ya yote. Kadi ina kazi yake kwenye uchaguzi, ina uzito kwenye uteuzi, na haina kazi yoyote kwenye ajira. Na wewe unatafuta ajira.

Tuanze na uteuzi, maana huo ndio unaowatia watu wazimu. Mkeka wa uteuzi ukitoka usiku, simu hazilali. Lakini hebu tuhesabu. Tanzania Bara ina mikoa 26, wilaya 139 na halmashauri 184. Kila mkoa una mkuu wa mkoa na katibu tawala wake. Kila wilaya ina mkuu wa wilaya na katibu tawala wake. Kila halmashauri ina mkurugenzi. Jumla yake ni nafasi 514. Ongeza makatibu wakuu, mabalozi na wenyeviti wa bodi, bado hujafika mbali. Wenye kadi ni mamilioni.

Kwamba siasa ina uzito hapo, sikatai. Mkuu wa mkoa huingia kwenye kamati ya siasa ya chama tawala mkoani kwake. Juni 2017 Anna Mghwira, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na nchi nzima ikashangaa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamia CCM. Mwaka huohuo wa 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wakuu wa mikoa na wa wilaya hawakuhusishwa na zoezi lile, kwa maelezo kwamba nafasi zao ni za kisiasa. Mhasibu wa halmashauri akaulizwa cheti cha kidato cha nne, mkuu wa wilaya yake hakuulizwa. Ni njia mbili kabisa.

Kinachosahaulika ni kwamba anayepewa bila usaili huondolewa bila maelezo. Sentensi moja tu, "uteuzi wake umetenguliwa", na gari linarudishwa. Aliyetoka kwenye utumishi wa kawaida anaweza kurudi kazini kwake. Aliyetokea jumuiya ya vijana anarudi nyumbani. Kijana anayetumia miaka yake mizuri kuwa chawa wa mtu, akimsifia asubuhi na kumjibia mitandaoni jioni, ajue kwamba anamtegemea mtu ambaye naye hajui kama wiki ijayo atakuwepo ofisini.

Sasa ajira. Hii inaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, na marekebisho yake ya 2007 ndiyo yaliyoleta Sekretarieti ya Ajira. Nafasi hutangazwa, maombi hupita kwenye mfumo wa Ajira Portal, wenye sifa huchujwa, huitwa kwenye usaili. Fungua mfumo huo leo uniambie ni wapi panapokutaka upandishe kadi ya chama. Hapapo. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kuwa mwanachama, lakini haruhusiwi kuleta siasa ofisini wala kumhudumia mwananchi kwa rangi ya shati. Anayeambatisha kadi kwenye maombi ya kazi anaanza kwa kuonyesha kwamba hajaielewa kazi anayoiomba.

Hapo ndipo anapojitokeza mganga wetu wa mjini, muuza vimemo. Huyu ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Anajiita mtu wa system. Ana picha akiwa amesimama nyuma ya waziri kwenye mkutano wa hadhara, na ana namba aliyoiandika "Mheshimiwa" kwenye simu yake. Anakuomba laki kadhaa za kusukuma faili. Watu wazima wenye akili zao wanauza kiwanja Kivule kumlipa.

Mchezo wake ni huu. Hatafuti watu ovyo. Anawatafuta walioitwa usaili tayari. Anachukua fedha kwa watu kumi. Hapigi simu hata moja. Usaili unafanyika, na kati ya kumi, mmoja anapita kwa kichwa chake mwenyewe. Huyo mmoja anakuwa shahidi wa maisha: "Jamaa ni kiboko, mimi kanitoa." Wale tisa wanaambiwa mkubwa amehamishwa, au wenzenu waliongeza dau, na wawili wakorofi wanarudishiwa chao ili wasifike polisi. Mwaka ujao aliyepita anamletea wadogo zake. Mtu huyu hajawahi kumwingiza mtu kazini; anakula bahati na juhudi za wengine. Na tisa hawasemi, kwa sababu kutoa rushwa nako ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Ukimya wao ndio mtaji wake.

Mtaniuliza: ina maana upendeleo haupo? Upo. Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa pale Temeke kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Ndani ikasimamisha ajira nyingine 200 za idara hiyohiyo baada ya malalamiko ya kupeana kazi. Lakini tazameni malalamiko yenyewe: yalikuwa ya undugu, si ya kadi. Mwenye mjomba wa kumbeba hakuulizi wewe wala mimi amwone nani, na hamlipi mtu wa kijiweni. Kama unalazimika kuuliza, kimemo unachouziwa hakina mwenyewe.

Imani hii ya kadi wazazi wetu hawakuiota. Mwaka 1955 Nyerere alilazimika kuacha ualimu pale Pugu, kwa sababu kazi na siasa havikukaa pamoja chini ya mkoloni. Baada ya Uhuru mambo yaligeuka: mkuu wa mkoa akawa pia katibu wa TANU wa mkoa, mwaka 1964 watumishi wakaruhusiwa kujiunga na chama, na mwaka 1975 Katiba ikakitangaza chama kuwa na kauli ya mwisho. Balozi wa nyumba kumi akiandika barua, ilisomwa. Baba aliyekuambia "kakate kadi" alisema kweli ya zama zake. Zama zile sheria ilizifunga mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa. Leo balozi ni kiongozi wa chama chake tu.

Wanaodhani tunaiga Marekani nao wamekosea. Mwanzoni mwa karne ya 20, pale New York, mtu wa Tammany Hall, mtandao wa chama cha Democratic, katika kata alikuwa kweli na kazi mkononi: ufagizi wa barabara, upolisi, ukarani wa manispaa. Mwaka 1933 James Farley alikuwa mwenyekiti wa chama cha Democratic na hapohapo waziri wa posta, wizara yenye maelfu ya nafasi za kugawa. Nao wamelipia: Rais Garfield alipigwa risasi mwaka 1881 na mtu aliyeamini kampeni yake imemstahilisha cheo, na mwaka 1883 sheria ikaanza kuziweka kazi chini ya mtihani. Kwetu ugawaji uko juu, haushuki mtaani. Mwenyekiti wa tawi la chama Mbagala hana hata nafasi moja ya ufagizi wa kukupa. Ana fulana, kofia na kanga.

Uchaguzi nausema kwa kifupi. Hapo kadi ni lazima, kwa kuwa sheria zetu hazimtambui mgombea binafsi, hata kwa uenyekiti wa mtaa. Ukiutaka uenyekiti huo, jipange: baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, mwingine ni 2029. Ila usimchanganye mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Mwenyekiti huchaguliwa, mtendaji huajiriwa kwa cheti.

Cha kufanya, basi. Jisajili Ajira Portal leo, si siku ya tangazo. Hakikisha majina yako NIDA na kwenye vyeti yanafanana. Yakitofautiana, shughulikia kiapo mapema. Aliyesoma nje apate uthibitisho wa TCU, NECTA au NACTVET. Soma sifa za tangazo neno kwa neno, andika barua, itie saini. Maombi hayalipiwi. Ukifaulu usaili nafasi zikaisha, jina hubaki kwenye kanzidata na unaweza kuitwa. Mwenye kidato cha nne asome astashahada inayotambulika kwa utendaji wa mtaa. Umeonewa kwenye mchakato, lalamika kwa maandishi. Umeombwa fedha, piga 113 TAKUKURU kabla hujalipa. Hutaki kusubiri, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata uulize mikopo ya asilimia 10: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Kikundi chenye usajili kiingie NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, kiombe zabuni.

Hata ukifanya yote haya unaweza kukosa. Mwaka 2025 TRA ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596, karibu watu 85 kwa kila nafasi. Tatizo letu ni uchache wa kazi, na uchache hautibiwi kwa kadi wala kwa kimemo.

Kata kadi ya chama unachokiamini. Ni haki yako ya kikatiba. Ila ukikutana nami msibani, niulize tangazo linafungwa lini.