Mbwa Wawili wa Meya

Mbwa wa nyumbani si mtu, lakini si gogo pia. Usiku hulinda mbuzi na kuku wetu, mchana hufuatana na watoto machungani. Akiuawa na mwivi, twakwenda kushtaki polisi. Je, akiuawa na askari polisi mwenyewe, twende kwa nani? Swali hilo lilimpata mtu mmoja huko Marekani, na yafaa tujue alivyofanya.

Bwana Cheye Calvo alikuwa meya wa Berwyn Heights, mji mdogo katika jimbo la Maryland. Nyumbani alikaa na mkewe, mama mkwe wake, na mbwa wawili weusi, Payton na Chase.

Tarehe 29 Julai 2008, jioni, alitoka kutembeza mbwa wake. Aliporudi alichukua mzigo uliokuwa mlangoni, umeandikwa jina la mkewe, akauweka ndani, akapanda ghorofani kubadili nguo. Mara mlango ukavunjwa. Askari wenye silaha wakaingia, wakampiga Payton risasi, kisha Chase. Bwana Calvo asema Chase alikuwa akikimbia. Meya mwenyewe, akiwa na nguo za ndani tu, alitiwa pingu. Mama mkwe wake naye alifungwa mikono.

Kisa ni nini? Mle mzigoni mlikuwa na bangi, ratili 32. Kumbe walanguzi walikuwa na hila: kuipeleka bangi kwa anwani ya mtu asiyejua lolote, kisha mwenzao auchukue mzigo kabla mwenye nyumba hajauona. Polisi walikwisha igundua njiani, na ndio waliouleta mzigo nyumbani kama mtego. Lakini hawakumwarifu hata mkuu wa polisi wa mji ule, ambaye angewaambia ile ni nyumba ya nani. Baada ya siku chache ilikuwa wazi kwamba jamaa ile haina hatia.

Wakubwa wa askari wale walifanya uchunguzi wao wenyewe, wakasema askari wametenda kazi yao sawasawa. Wengi wetu hapo tungekata tamaa. Bwana Calvo hakukata tamaa, wala hakutafuta kisasi. Alitaka hesabu. Vikosi vya namna ile vilivunja milango mara ngapi katika jimbo? Wanyama wangapi waliuawa? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa maana hapakuwa na daftari.

Basi alikwenda mbele ya bunge la jimbo, akaeleza yaliyompata. Mwaka 2009 ikapitishwa sheria: kila miezi sita vikosi hivyo vitoe taarifa, vimetumwa mara ngapi na kwa sababu gani, na kama mtu au mnyama wa nyumbani ameumizwa au kuuawa. Taarifa ya kwanza ilionyesha kwamba katika nusu ya pili ya mwaka ule walitumwa zaidi ya mara 800, yaani zaidi ya mara nne kila siku! Tena alishtaki mahakamani, na mwaka 2011 kesi ikamalizika kwa mapatano: alilipwa fedha, na serikali ya wilaya ikakubali kurekebisha kazi ya askari wake.

Labda mtu atasema: Makelele yote hayo kwa ajili ya mbwa? Sivyo. Kazi ya askari ni ngumu, na mbwa mkali aweza kumrarua mtu. Hakuna amwambiaye askari asimame aumwe. Lakini bunduki iliyoua mbwa bila kuulizwa ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa mama aliyefungwa mikono. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sheria ile ilipewa muda. Mwaka 2014 ulikwisha, nayo haikurefushwa. Daftari likafungwa. Ndiyo maana wenye nyumba hawana budi kuendelea kuuliza, kwa adabu na bila kuchoka: siku gani, askari gani, kwa amri ya nani?