Mshangao wa utotoni: Kwa nini watu wazima huupoteza?

MTOTO wa miaka minne akiona msururu wa sisimizi ukutani, huchutama na kuuliza wanakwenda wapi. Mama yake, mwenye haraka ya kuwahi daladala, huwaona sisimizi hao hao na kufikiria dawa ya kuwaua.

Mjini, kushangaa kuna gharama zake. Anayesimama Kariakoo kukodolea macho ghorofa huitwa mshamba, na pengine huondoka bila pochi. Hivyo mtu hujifunza mapema kupita kama aliyekwisha kuona yote.

Wanasaikolojia wa Marekani, Dacher Keltner na Jonathan Haidt, walieleza katika makala yao ya mwaka 2003 kuwa mshangao wa aina hii una sehemu mbili: mtu hukutana na jambo kubwa kuliko yeye, kisha hulazimika kupanua fikra zake ili alielewe. Kwa mtoto, karibu kila kitu ni kipya. Mtu mzima ana majibu ya tayari.

Wengi hudhani kuwa elimu ndiyo inayoua mshangao, lakini maisha ya Rachel Carson yanaonyesha vinginevyo. Carson alikuwa mwanabiolojia wa bahari, na kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring, kilizua mjadala mkubwa kuhusu viuatilifu kama DDT.

Mwaka 1956 alichapisha makala kuhusu matembezi yake katika pwani ya Maine, Marekani, akiwa na mjukuu wa dada yake. Mtoto huyo hakuwa ametimiza miaka miwili pale Carson alipomfunika blanketi na kumbeba hadi ufukweni, usiku wa tufani, wakasikilize mawimbi.

Hoja yake ni kwamba mtoto huhitaji walau mtu mzima mmoja wa kushangaa pamoja naye, hata kama mtu huyo hajui jina la ndege hata mmoja. Carson alitamani kuipanua makala hiyo, lakini alifariki dunia kwa saratani mwaka 1964. Ilitoka kama kitabu mwaka uliofuata.

Imani ya kitoto nayo ina mipaka. Anayeamini kila ujumbe wa simu unaomtaka atume pesa kwenye namba fulani ataumia. Lakini msikilizaji anayeitikia "pakawa" baada ya "paukwa" anajua fika kuwa sungura hasemi. Amekubali kwa hiari yake kuamini hadi hadithi iishe. Huko si kudanganywa.

Kwa waliokwisha kuupoteza mshangao huo, zipo dalili kwamba hurejea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Virginia Sturm wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake waliwataka wazee watembee dakika 15 kila wiki, kwa wiki nane, wakijipiga picha. Kundi moja lilitembea tu. Jingine liliagizwa kutazama mambo kwa jicho jipya, na ikiwezekana kubadili njia.

Kadiri wiki zilivyopita, tabasamu za wazee wa kundi la pili zilizidi kukunjuka. Katika picha zao, wao wenyewe walizidi kuwa wadogo, na mandhari nyuma yao ikazidi kuchukua nafasi.